Mboga za Kiangazi na Baiskeli ya Jumapili

Asifiwe Mungu, aliyepanda bustani kabla mtu yeyote hajajenga mji. Namshukuru kwa umri alionijalia, kwa magoti haya ambayo bado yanainama kusali ingawa hayawezi tena kuzungusha pedali, na kwa kumbukumbu ambayo hajaninyang'anya. Ninayoyasimulia ni mambo madogo. Yeye huyajua na hakuyadharau.

Miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru tulikaa Homa Bay, mimi na mume wangu, katika nyumba ya serikali ya vyumba viwili. Yeye alikuwa karani. Kwao ni Suna, upande wa Migori. Mimi nilizaliwa Sindo, ziwani, ndiyo maana watu wa kwake waliniita nyar Sindo, yaani binti wa Sindo. Nilikuwa katika mwaka wa tatu wa ndoa na sikuwa na mtoto.

Kanisa letu hushika Sabato siku ya Jumamosi. Kuanzia jua la Ijumaa kutua hadi lilipotua tena, jembe langu lililala na mimi nikalala. Lakini Jumapili ilikuwa yangu. Asubuhi nilishinda nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba cha darasa. Nilipanda sukuma wiki, nyanya, dania, na osuga, mboga ile chungu ambayo wengine huiita mnavu. Kiangazi kilikuwa kikali na mji mzima ulikuwa na rangi ya vumbi, ila maji ya ziwa yalikuwa karibu na shingo yangu ilikuwa na nguvu. Nilibeba debe kwa debe. Kupanda kitu wakati ambao hakuna anayepanda, kisha kukiona kikitoa jani, ni furaha ambayo sijapata jina lake.

Jioni, jua likipoa, nilichukua baiskeli ya mume wangu. Sikutumwa popote. Nilikuwa nimejifunza Sindo, kwa baiskeli ya kaka yangu iliyonuka samaki, na nilikuwa nimejishonea gauni pana la kunivusha kile chuma cha katikati. Niliteremka polepole kupita sokoni, nikafika gatini, nikatazama maji, nikarudi. Basi. Watu waliosali siku hiyo ya Jumapili walinitazama kwa uchungu kana kwamba nimewakanyagia mkeka. Mwanamke mmoja aliwahi kuniuliza ni nani mgonjwa hata nikimbilie baiskeli. Nilimjibu kwamba sote wazima, tunamshukuru Mungu.

Habari zilifika Suna. Jumapili moja mama mkwe wangu akaja, ameandamana na shemeji yake mkubwa, mzee tuliyemwita baba. Walikuwa wamefika mjini jana yake, wakalala kwa binamu yao, kwa kuwa kwa desturi yetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe. Nilimpigia magoti, nikampa maji, nikamwekea kiti kivulini. Hakuketi. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya sukuma wiki zangu.

Ni lazima nieleze kilichomuuma. Kwetu, mama wa boma ndiye anayefungua msimu. Yeye hutangulia kutia mbegu ardhini, kisha wake wa wanawe hufuata kwa mpangilio. Mke wa mwana akitangulia, husemwa kwamba ameita chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaowafuata wavunja mwiko, na kwamba tumbo lake litafunga. Mama mkwe wangu alikuwa hajapanda. Mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Na mimi hapa nilikuwa na majani yaliyofika magotini.

Alizungumza bila kupaza sauti. Alisema sasa amejua kwa nini hana mjukuu. Kama si mbegu hizi, basi ni kile chuma ninachokalia kama mwanamume. Mboga ning'oe kwa mkono wangu mwenyewe kabla jua halijatua, na baiskeli nisiiguse tena. Nikikataa, yupo msichana huko Macalder, mpole, wa familia nzuri, na wazazi wake wameshaulizwa. Mzee alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ni kweli, wameulizwa.

Mume wangu alisimama mlangoni. Hakutoka nje. Sikumlaumu, mtu ana mama mmoja. Lakini niliona wazi kwamba neno litakalosemwa siku ile litatoka kwangu au halitasemwa.

Nilipiga magoti tena, palepale penye udongo wenye maji.

"Mama," nikasema, "siku Mungu akinipa mtoto, kondo lake la nyuma nilizike wapi?"

"Suna. Dala. Wapi tena?"

"Kwa nini nisilizike hapa?"

"Hapa ni nyumba ya serikali, nyathina, mwanangu. Wakimhamisha mumeo kesho mtaacha. Hapa si dala, si boma la mtu."

"Basi udongo usiofaa kuzikwa kondo la mjukuu wako, mwiko wa mbegu umeufikia kwa njia gani? Msimu wa boma lako sijaufungua. Bado unakungoja wewe. Hizi sitang'oa, mama."

Mzee alikohoa, na nadhani alikuwa anaficha kicheko.

"Watu wa ziwani," akasema mama mkwe, "mnavua hata maneno. Na baiskeli je? Hiyo nayo ina jibu?"

"Hiyo haina jibu kwa sababu haina mwiko. Waliotuwekea miiko hawakuiona."

"Wangeiona wangeikataza."

"Huenda. Lakini hawakuiona."

Nilinawa, nikawapikia samaki na ugali, nikatenga na osuga kando. Alikula samaki. Osuga hakuigusa. Kisha jua likapoa, ile saa yangu ikafika, na wote walikuwa wameketi uani wakijua ni saa gani. Nilijua kwamba nikikaa siku ile, nimekaa maisha yangu yote. Nikaomba kimoyomoyo, nikaitoa baiskeli, nikavuka kile chuma mbele ya mama wa mume wangu, nikaondoka. Sikwenda kwa mbio. Nilipita barabara kubwa, sokoni katikati, nikapiga kengele palipohitajika, nikafika gatini, nikarudi kwa njia ileile.

Nilimkuta amehamisha kiti chake hadi kando ya barabara.

"Niliambiwa utaanguka," akasema. "Nikasema nione."

"Sikuanguka, mama."

"Nimeona."

Yule msichana wa Macalder hakutajwa tena nyumbani kwangu. Mvua iliponyesha nilikwenda Suna, nikamsubiri mama mkwe atangulie, nami nikafuata kwa zamu yangu nikiwa na jembe mkononi na amani moyoni, kwa maana huko kweli ni kwake. Baada ya hapo ndipo alipokula mboga zangu za Homa Bay, akalalamika kwamba nimezidisha chumvi.

Watoto walikuja baadaye, Mungu alipopenda. Wapo waliosema hilo ndilo lililonitetea. Sikubali. Hata kama ningekufa bila mtoto, mboga zile zilikuwa halali na jioni zile zilikuwa zawadi kutoka kwa Baba yangu wa mbinguni, na zawadi yake siirudishi kwa sababu jirani amekunja uso.

Wewe unayesoma, Bwana akupe udongo mwepesi na mikono isiyochoka. Akujalie siku ya kupumzika na siku ya kufurahi, na uso mkavu mbele ya wanaokukataza alichokuruhusu. Amina.