Nilivyojenga gaming PC kwa bajeti ya kubanabana ili mzee wangu aifikishe treni Sakania

Wakuu, salamu nyingi kutoka Lubumbashi.

Mimi ni mmoja wa wale wanaosoma nyuzi zote na hawaandiki hata mmoja. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza humu: nina bajeti ndogo, nianze na GPU au processor? Jibu ninalo, ila lina mzee ndani yake, na treni.

Niseme mapema: haya yamenipata mwenyewe, sebuleni kwetu, mama yangu akiwepo. Chumvi sijaongeza. Nilipofupisha ni kwa aibu tu.

Na msinicheke Kiswahili. Hiki cha kuandika nimekiokota humu humu kwenu. Cha nyumbani ni kingine, mtakisikia wazee wakiongea.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni, huku tunamwita mashinisti. Miaka ishirini na kitu aliendesha njia ya Lubumbashi kwenda Sakania, mji wa mpakani ambako reli inaingia Zambia.

Nikiwa mdogo, siku za mapumziko yake, mchana jua likiwa kali, alikuwa ananilaza kifuani na kuniendeshea treni kwa mdomo. Munama. Tshinsenda. Mokambo. Sakania. Kila kituo na sauti yake, kila daraja na mngurumo wake.

Usingizi ulikuwa unanichukua kabla ya Mokambo. Mimi Sakania sikuwahi kufika nikiwa macho.

Halafu miaka ikapita, treni zikawa chache, baba akastaafu. Reli iliyopita karibu na kwetu ikaota majani.

Na macho yake yakaanza kwenda. Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto lilishazima, la kulia lilikuwa na mwanga kidogo, nao unapungua polepole. Hakuna dawa ya kurudisha, kuna ya kuchelewesha tu.

Tulipomuuliza baba anaonaje, jibu lilikuwa moja: "Naona kiloko." Yaani kidogo. Siku zote kidogo, haipungui wala haizidi.

Sasa njooni mwanzoni mwa mwaka jana.

Wiki zile Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, hata sisi wa kusini, mbali na risasi, tuliyumba. Bidhaa zikapanda, kila mtu akawa anasikiliza redio uso umekunjamana. Kampuni ndogo niliyoifanyia kazi ya umeme upande wa Kinsevere ikafunga shughuli. Tukapewa dekonti, yaani malipo ya mwisho, na kila mtu akashika njia yake.

Mtu mwenye akili angenunua mifuko ya unga. Mimi nikaota.

Niliota mchana kweupe, nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Nilimwona baba amekaa kwenye kiti cha mashinisti, na mbele yake Sakania inakuja. Nilikuwa nimeona kuna game ya kuendesha treni ambayo unaweza kujitengenezea njia yako mwenyewe. Nikasema nitajenga kompyuta, nitaitengeneza ile njia, baba aione Sakania mara moja kabla jicho la kulia halijafunga.

Ndicho nilichotaka, wakuu, hicho kimoja tu. Lakini nilikuwa nashindana na jicho.

Hesabu ilikuwa hivi. Kesi na motherboard ya ofisini, mitumba. Processor ya core sita. RAM 16. SSD ya 500. Power supply sikubana, na ninyi msibane, maana kwetu umeme ukishuka balbu inabaki nyekundu na kompyuta dhaifu inajifia yenyewe.

Pesa yote iliyobaki nikaizika kwenye kadi ya picha ya 8GB.

Nilikuwa nimeangalia video za wazungu hadi nikalewa. Wote wanasema GPU kwanza. Na mimi nilitaka miti. Nilitaka ile miombo ya njia ya Mokambo, majani mekundu ya Septemba, kila jani na kivuli chake. Spika nikachukua vile vidogo vya bei ya soda, nikaona vinatosha.

Kadi niliinunua kwa Papa Kambale. Huyu ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, mlokole mkimya mwenye duka mjini. Mnajua watu wa Kivu na biashara. Bei anakutajia mara moja, na kitu kikishavuka mlango hakirudi.

Nikakaa miezi miwili nikitengeneza njia. Niliweza kipande cha mwisho tu, Mokambo hadi Sakania. Baba anakaa pembeni ananiambia, mimi naweka: kona hapa, mlima mdogo pale, daraja la chuma.

Ile miezi miwili ilikuwa ya ajabu. Nje nchi inatetemeka, ndani sisi tunapanda miti. Mama anapita na beseni la maharagwe, anatutazama, anaenda zake. Kuna siku nilisahau kama sina kazi.

Siku ya kwanza ya kuendesha, picha ilitoka nzuri hadi nikajisikia kulia. Baba akasogeza uso karibu na kioo.

"Iko muzuri," akasema.

Alisema kwa ile sauti ya mtu aliyepewa chakula asichokipenda kwenye nyumba ya watu.

"Papa, nini haiko sawa?"

"Treni yako inanyamaza, mwana. Treni yenye kunyamaza ilishakufa."

Nikaongeza sauti. Vile vispika vikalia kama mbu. Akatikisa kichwa.

"Ile iko treni ya Bazungu. Ya kwetu unaisikia mu tumbo. Mashinisti haangalie miti. Ukiangalia miti, utaua bantu." Yaani watu.

Ndipo akanieleza kitu ambacho miaka yote sikukijua. Kule njia ilikuwa na ukungu, mvua na moshi wa watu wanaochoma mkaa, na taa ya mbele mara nyingi ilikuwa mbovu. Wao walikuwa wanaendesha kwa sikio. Reli za zamani zina maungio, na gurudumu likipita juu ya ungio linagonga. Walikuwa wanahesabu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Sakania kuna ungio moja lililolegea, linagonga mara mbili. Ukilisikia, unahesabu arobaini, unaanza kufunga breki.

Wakuu, nilijiona bwege. Nilikuwa nimemnunulia miti mtu aliyekuwa anataka mgongano wa chuma.

Nikang'oa kadi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikarudi kwa Papa Kambale.

Duka lilikuwa nusu tupu. Mzigo wake ulikuwa umekwama njiani, na ndugu zake wako Goma. Alikuwa amekaa na simu sikioni, haongei. Nikasubiri. Baada ya muda akaishusha.

"Ni mama yangu. Hapokei tangu juzi," akasema. "Lakini simu ikiita tu, mi najua nyumba ingali inasimama. Kwa hiyo napiga nasikiliza."

Nikamweleza shida yangu vilevile: baba, treni, sikio. Nilijua sheria yake ya mlango, kwa hiyo sikuomba pesa. Niliomba tubadilishane.

Akaishika kadi, akaigeuza.

"Kitu kikitoka kwangu hakirudi. Unajua?"

"Najua, Papa."

"Bon. Hii hairudi. Hii nainunua kwako upya, sababu mzigo hauingii na kuna mtu anaitafuta." Akainuka, akaleta kadi ndogo ya 4GB, spika mbili nene na woofer lake, na UPS iliyotumika, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. "Mzee asikie vizuri. Nenda."

Alipofika mlangoni kunisindikiza, simu ilikuwa imerudi sikioni. Niwatoe wasiwasi: wiki ile ile mama yake alipokea.

Nyumbani nikashusha graphics hadi chini kabisa. Miti ikawa kama fagio. Halafu nikaenda kwenye reli na simu yangu, siku tatu mfululizo, hadi treni moja ya mizigo ikapita. Nikairekodi nikiwa nimelala kwenye majani. Watu wakadhani nimechanganyikiwa kwa kukosa kazi.

Zile sauti nikazipanda kando ya njia, moja moja, kama mahindi. Baba anasikiliza, anasema sogeza, rudisha, hapa bado. Lile ungio la kugonga mara mbili lilitusumbua wiki nzima. Siku lilipokaa mahali pake alifumba macho, akatabasamu, akasema, "Njo hii." Ndiyo hiyo.

Kwenye keyboard nikabandika vijiti vya kiberiti: kimoja kwa mwendo, viwili kwa breki, vitatu kwa honi. Nilijiambia ni kwa sababu vidole vyake ni vinene.

Ile UPS ilikuwa na plagi mbili tu zenye betri. Ya kwanza ni ya kompyuta, hiyo haina mjadala. Ya pili nikamuuliza baba kwa utani: tuweke kioo au spika?

"Spika," akasema, hata hakufikiri.

Nikacheka. Nikaweka spika.

Ikafika Jumapili moja, mchana, tumetoka kanisani. Mvua inanyesha ile ya kwetu ya kujaza mifereji. Baba hajavua koti la kanisani. Akakaa kwenye kiti, akapapasa vijiti vyake, akapiga honi. Vikombe vikalia kabatini. Mama akaacha maharagwe.

Tukatoka Mokambo.

Sijui niwaelezeje. Woofer lilikuwa linakuja kwenye miguu kupitia sakafu, mvua ya nje ikachanganyika na mvua ya kwenye game, na baba anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Sebule ikawa inasafiri. Nilirudi kifuani pake, usingizi ule ule ukaanza kunivuta. Nikajikaza. Nikasema leo nafika.

Tumebakiza kona ya mwisho, umeme ukakatika.

Kioo kikazima. Tii! Cheusi.

Kompyuta ikaendelea. Spika zikaendelea. UPS ikaanza kulia kijialamu chake, na mimi najua betri ile ni dakika chache. Nikafungua mdomo nimwambie baba pole, njia imekatika, tutarudia kesho.

Baba hakugeuka. Uso wake ulikuwa umeelekea pale pale kwenye kioo cheusi, makini, na mkono uko kwenye vijiti.

"Ile sauti ya kulia iko nini?" akauliza.

"Ni... signali, Papa."

"Hapa haina signali," akasema, akaendelea kuhesabu.

Nikamtazama mama. Mama aliweka kidole mdomoni. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa anajua, wakuu. Sijui tangu lini, lakini alikuwa anajua.

Ndipo na mimi nikajua. Ile "kiloko" yake ilikuwa imeisha zamani. Siku ile ya kwanza alipoisogelea ile miti yangu ya 8GB, alikuwa ametega sikio.

Ungio likagonga mara mbili. Midomo ikaanza upya: moja, mbili, tatu. Arobaini. Akagusa breki, akaachia, akagusa tena. Chuma kikapiga kelele, kikapungua, kikawa mnong'ono. Kishindo kidogo cha mabehewa kusukumana. Kimya. Injini tu inanguruma.

"Sakania," akasema baba. "Bantu banaweza kushuka."

Mama akasimama, akajitengeneza kitenge, akapita mbele yake kama abiria. "Aksanti, mashinisti," akamwambia. Mimi nililia bila sauti, maana mwenye kusikia alikuwa pale.

Umeme ulirudi baadaye. Kioo kilipowaka, treni ilikuwa imesimama kwenye jukwaa la Sakania, pua imepita kibao kwa hatua kama mbili. Jukwaa baya, la graphics za chini, miti fagio. Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo.

Sikumwambia kwamba kioo kilizima. Na sitamwambia, kwa hiyo kama kuna mtu humu anamfahamu mzee wangu, tafadhali tuheshimiane.

Somo langu sasa, kwa wenye bajeti ndogo. Kabla hujauliza GPU gani, uliza ni nani atakaa kwenye kile kiti na anatumia nini kuishi: jicho, sikio au kidole. Hapo ndipo pesa iende. Mimi nilimuuliza kila mtu wa mtandaoni isipokuwa mzee aliyekuwa nyumba moja na mimi. Wale wa kuniuliza FPS, ilikuwa ishirini na nne, na hakuna aliyelalamika.

Karibuni mkosoe, mnishauri, mnicheke pia. Na mwenye rekodi safi ya injini ya dizeli ikipanda mlima na mzigo, aiweke hapa chini.

Naihitaji kweli. Jumatatu asubuhi baba aliamka, akavaa, akaja kukaa kwenye kiti, akaweka vidole kwenye vijiti. Nikamwambia Papa, njia imeishia pale, tulishafika.

"Tulifika, ndiyo," akasema. "Lakini treni haiwezi kulala Sakania. Bantu bako banangoja ku Lubumbashi."