Amina za Mzee Athumani

Juma zima swali moja lilininyima usingizi: nimesoma hadi chuo kikuu, sasa nauza mbolea kwenye duka la mtu binafsi hapa Lizaboni. Mungu nitamtumikiaje? Nilipochoka kuwaza, nikaamua kufungua duka kwa sala, wateja wakiwepo.

Jana asubuhi alikuwepo mmoja tu, Mzee Athumani, mkulima wa Namtumbo. Nikamwamkia, nikafumba macho, nikaiombea biashara.

"Amina!" akaitikia kwa nguvu.

Nikatiwa moyo, nikaombea mvua.

"Amina, amina!"

Nikajisemea, Muislamu huyu ameguswa kweli. Nikaendelea mpaka kwa viongozi wa taifa.

Nilipofumbua macho nikamuuliza kwa upole, "Babu, unajisikiaje?"

"Mjukuu wangu, nilikuwa nakusaidia umalize. Lori la kwetu ndilo lile linaondoka, na mahindi yanangoja mbolea."

Nilitamani kujificha nyuma ya mifuko. Badala yake nikafunga duka, nikapakia mfuko wake kwenye baiskeli yangu, tukalifukuzia lori hadi linaposimama kuchukua abiria. Tajiri wangu atanifokea, najua.

Njiani nilisali pia, ila kwa kifupi, tena macho wazi.