Cheo Kwenye Kadi ya Bi Hiltrud

Barua ya benki ilikuwa na adabu. Ilimshukuru Bi Hiltrud Pachernegg kwa uaminifu wake wa miaka mingi, kisha ikamwarifu kwamba kadi yake ya mkopo, ambayo tangu aipate hakuwahi kuilipia hata senti, sasa ingekuwa na ada ya euro sabini na nane kila mwaka. Asipokubali, angepewa kadi ya kawaida, isiyo na ada, na jina lake lingechapishwa upya kwa kufuata hati zake.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya aweke kikombe chini.

Kwenye kadi yake paliandikwa: Hofrat Pachernegg. Hofrat kilikuwa cheo cha marehemu mumewe Engelbert, alichotunukiwa na serikali baada ya kuzitumikia barabara za mkoa mpaka nywele zikaisha. Hapa Graz, Austria, mke hupokea cheo cha mumewe kama anavyopokea funguo za nyumba, na hakuna anayeuliza. Mwuza mikate alimwita Mama Hofrat, kasisi alimwita Mama Hofrat, na benki, zamani hizo, ikaandika hivyo hivyo bila kuombwa.

Alhamisi alimweleza Roswitha, wifi yake, mkahawani. Roswitha ndiye Pachernegg wa damu, na hakuwahi kuacha hilo lisahaulike.

"Lipa," Roswitha alisema, akikata keki yake. "Usipolipa, cheo cha kaka yangu kinatupwa jalalani."

"Lipa wewe basi, wifi."

"Mimi sina kadi. Mimi nalipa taslimu, kama mtu aliyelelewa."

"Wiki iliyopita nililipa mimi."

"Ndiyo, kwa kadi. Nikaona haya kwa niaba yako."

Pesa haikuwa shida. Pensheni ilitosha, na Engelbert hakuacha deni hata la gazeti. Shida ilikuwa jina. Katika ukoo wa Pachernegg hakuna aliyewahi kununua heshima. Waliletewa tu, wakiwa wamekaa kimya. Sasa aanze yeye kuikodi mwaka kwa mwaka, kama tiketi ya tramu? Lakini akikataa, aende mjini na kadi isiyo na chochote, kama mpita njia?

Jumatatu alivaa koti lake la kijivu, lile la mazishi na la ofisi za serikali, akaenda benki. Alipokewa na Bi Kröll, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliyegeuza skrini ili mteja wake naye aone.

"Nikilipa, cheo kinabaki?" Bi Hiltrud aliuliza.

"Kinabaki, mama. Kadi ya zamani haiguswi."

"Na nikichukua hii ya bure?"

"Hapo nitahitaji cheti. Cha Hofrat kina jina lako?"

"Kina jina la mume wangu. Ni kitu kilekile."

"Mtaani ni kilekile. Hata mimi nitakuita hivyo mpaka unatoka mlangoni. Ila mfumo haukubali."

"Kwa hiyo euro sabini na nane ni za kuitwa vizuri na mashine."

"Mashine haikuiti, mama. Inasoma namba tu."

Bi Hiltrud aliitazama skrini. Palikuwa na kisanduku cheupe, kitupu, mbele ya jina lake.

"Samahani kukuuliza," Bi Kröll alisema. "Wewe mwenyewe huna cheo?"

"Ninacho."

"Kipi?"

"Dokta. Niliandika tasnifu juu ya maandishi ya makaburi ya Kirumi. Kabla ya kuolewa."

"Na cheti kipo?"

Kilikuwepo. Kilikuwa kabatini, chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi, mahali alipokiweka wiki ya harusi. Hakuna aliyemwambia akifiche. Ilionekana tu kwamba nyumba moja yatoshwa na cheo kimoja, na cha Engelbert, ingawa kilikuwa bado hakijafika, kilikuwa kimeshatengewa nafasi.

Jioni alikitoa cheti, akakipiga pasi kwa moto mdogo, kitambaa juu yake. Alimwambia Engelbert wa kwenye picha ukutani kwamba hakuna kinachotupwa. Jiwe la kaburi lake lina neno Hofrat kwa herufi za shaba, na halina ada. Engelbert alibaki na sura ileile aliyokuwa nayo kwenye vikao vya ujenzi wa madaraja. Asubuhi akarudi benki.

Alhamisi ambayo kadi mpya ilikuwa tayari mkobani, aliagiza keki ya mbegu za maboga, na moja zaidi kwa ajili ya Roswitha. Alois, mhudumu wao wa miaka yote, alipokuja na mashine, Bi Hiltrud aliiweka kadi kwenye kisahani cha fedha, uso juu, akaangalia dirishani.

Roswitha alivaa miwani.

"Dokta," alisoma. "Sikujua kaka yangu alikuwa Dokta."

"Hakuwa."

Roswitha alisogeza kisahani karibu na taa. "Dokta H. Pachernegg. Sasa H ni nani?"

"Wifi, kahawa yako inapoa."

Roswitha hakuigusa kahawa. Alimtazama mke wa kaka yake kama mtu anayetazama chumba alichokaa miaka mingi na leo tu kaona kina mlango mwingine.

"Na ulikaa nacho wapi muda wote huo?"

"Kabatini."

"Na ada?"

"Hakuna."

Mashine ikalia. Alois akarudisha kadi kwa mikono miwili, kama kawaida yake. "Asante sana, Mama Hofrat."

Roswitha alivua miwani, akaikunja polepole.

"Mama Dokta," alimsahihisha. "Alois, umetuhudumia miaka yote hii. Ulipaswa kujua kwamba kwetu sisi akina Pachernegg, wanawake wamesoma."