Impala Iliyomngoja Bibi

Harufu ile ilinikuta Kensington, nje ya duka la mikate, nikiwa na mkate kwapani na uchovu wa siku nzima mgongoni. Petroli nzito isiyoungua vizuri, imechanganyika na ngozi bandia ya siti iliyopigwa jua. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba nyuma yangu limesimama gari la Kimarekani la zamani, na kwamba watu wameshatoa simu zao. Nilipogeuka, naam: kijana wa suti na binti wa gauni la kumetameta wanapelekwa kwenye sherehe yao ya kumaliza shule. Wamekaa siti ya nyuma, roboti, yaani taa ya barabarani, ni nyekundu, wanapungia barabara nzima. Kila mtu alikuwa anatabasamu. Mimi nilisonya.

Msinione nina roho mbaya. Magari hayo nayajua kuliko wengi wanaoyapiga picha. Baba alianza kunifundisha kabla sijajua kusoma saa ya ukutani. Alikuwa mtu wa Tanga aliyehamia huku kusini, mwuza mikanda na kofia mjini karibu na stendi ya teksi, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumua. Tulikuwa tukitoka Joubert Park kwa miguu, mimi na yeye, tunapita Bertrams mpaka Kensington, kwenye uwanja mmoja kando ya barabara kuu ambako wapenzi wa magari ya zamani walileta yao, wakafunua maboneti na kubishana. Walikuwepo wazee wa Kizungu wenye kaptura, walikuwepo wanaume wa Soweto wenye kofia za pembeni na viatu vya kung'aa. Baba hakuwa na gari, lakini alisimama kati yao mikono nyuma, kama aliyeegesha la kwake pale kona.

"Usiliangalie usoni," aliniambia. "Uso wa gari unadanganya. Ngoja likupe mgongo." Basi nikajifunza migongo. Lenye mabawa marefu na taa zilizochongoka ni Cadillac. Lenye taa moja kubwa ya duara kila upande ni Ford. Na lenye taa tatu za duara kulia na tatu kushoto ni Impala, na likipita hilo, Baba alinyamaza mpaka lipotelee mbali.

Siku alipoleta Impala yake mwenyewe, nilishuka ngazi bila viatu. Alilinunua kwa mzee mmoja wa palepale Kensington aliyekuwa anahamia kwa wanawe. Lilikuwa la kijani kibichi, na lilipoingia uani nyuma ya jengo letu ilibidi mlinzi, Bhuti Sipho, ahamishe mapipa ya taka yote. Eish, alisema, hili si gari, hili ni treni. Baba alikuwa anacheka peke yake. Mimi sikungoja kukaribishwa, nikashika kitasa cha mlango wa nyuma.

"Ebo! Toa mkono!"

Nikautoa. Ndipo Baba akasema maneno yaliyoniharibia utoto wangu. Aliyasema mbele ya Mama, mbele ya Bhuti Sipho, na mbele ya Papa Deo, jirani yetu Mkongomani, aliyekuwa ameshuka na mswaki mdomoni. "Naweka nadhiri. Gari hili halitoki geti hili kwa matembezi, wala hakuna atakayekaa siti hii ya nyuma, mpaka mama yangu mzazi akae kwanza."

Nyinyi mliokulia kwenye nyumba kama yetu mnajua nadhiri ni kitu gani. Mtu haitamki kwa utani, na akishaitamka hairudi mdomoni. Mama, ambaye alibishana na Baba hata juu ya chumvi ya mchuzi, siku ile alisema tu, "Sema inshallah." Mimi nikauliza Bibi anakuja lini kutoka Tanga. "Karibuni," akasema Baba.

Karibuni! Neno hilo nalichukia mpaka leo. Bibi alikuwa anakuja baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akawa anakuja baada ya mvua za huko kwao. Mvua zikaisha, ikawa miguu yake inamsumbua. Huku kwetu kila Jumapili ikawa vilevile: tunalivua turubai, tunaliosha, mimi napewa bampa nilisugue kwa dawa ya meno mpaka nione meno yangu. Kisha Baba anawasha injini. Inanguruma, madirisha ya ghorofa zote yanatetemeka, nasema leo labda, leo atasahau. Ah wapi! Anazima. Turubai linarudi juu, sisi tunapanda ngazi.

Siti ya nyuma ilikuwa nyekundu, imefunikwa nailoni. Niliijua kwa kubandika pua kwenye kioo. Shuleni nilikuwa nimeshajitapa kwamba tuna Impala, na wenzangu wakaniuliza mbona nakuja kwa miguu, tena viatu vimechoka. Ungewajibu nini? Kwamba gari lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Tanga? Papa Deo naye, aliyemwita Baba "Papa Mwana", hakukosa la kusema kila alipotukuta na ndoo zetu. "Papa Mwana, ile gari iko inalala kupita mutoto mudogo. Ile haiko gari, ni kitanda."

Nikaanza kumchukia Bibi. Nasema wazi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa nimemwona zaidi ya picha moja ukutani na sauti ya simu kila Ijumaa. "Hujambo, mjukuu wangu?" "Sijambo." Na simu nikamrudishia Baba papo hapo. Kichwani mwangu alikuwa kikongwe aliyeketi Tanga na fimbo yake, ameizuia milango ya gari letu makusudi, hataki kuja wala hataki sisi tupande.

Siku moja nilipata wazo nililoliona la maana sana. Tulikuwa tunakausha vioo. Nikasema, "Baba, kwa nini tusiende kumchukua wenyewe? Gari si tunalo?" Baba aliacha kufuta. Akatazama geti, akaitazama mikono yake, akasema nifunike gari, mvua inakuja. Jamani, mbinguni hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Nikaenda kumwuliza Mama. Mama akasema kamwulize baba yako. Watu wazima walivyo, mtoto wanamrusha huku na huku kama mpira wa soksi, halafu wanashangaa kwa nini ana kisirani.

Miaka ikaenda. Injini ikaanza kukohoa, ikawa inataka kubembelezwa, mwishowe Baba akaacha kuiwasha. Alisema anaipumzisha. Nikamwambia imepumzika vya kutosha, nikafukuzwa uani.

Halafu, nikiwa nakaribia kumaliza shule ya msingi, Bibi akaja kweli. Alikuja kwa basi, njia yote, tukampokea Park Station. Mwanamke mdogo, kanga mbili, miguu imevimba, na hasira kali kuliko zangu. "Wamenipokonya machungwa yangu ya Muheza mpakani," ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Kapu zima! Mungu anawaona." Baba aliinama kuibusu mikono yake, na hakuinuka. Abiria wa nyuma wakaanza kulalamika na mizigo yao, mpaka Mama akamvuta shati.

Jumapili ikafika. Jua lilikuwa kali. Mama alifukiza udi, Baba alivaa kanzu, Bhuti Sipho akafungua geti mapema na kusimama wima kama askari wa ikulu. Mimi nilivaa nguo za Idi. Mipango yangu ilikuwa tayari: Bibi anakaa kwanza, anatimiza nadhiri ya watu, kisha mimi nakaa dirishani upande wa pili, na lazima tupite mtaa wa shule yangu. Dua ikasomwa. Baba akaingia, akasema bismillahi, akageuza ufunguo.

Tk.

Akageuza tena. Papa Deo akaleta gari lake na nyaya za betri. Mara hii Impala ilinguruma mara moja, ikatoa moshi mweusi, ukasikika mlio wa chuma kuvunjika huko ndani, kisha kimya. Papa Deo aliinamia boneti muda mrefu. "Moteri imekufa, Papa Mwana. Pole sana."

Nilipasuka. "Si nilisema! Si mngetupandisha tu lilipokuwa zima!" Nililia kwa ghadhabu, mbele ya mgeni na majirani, na Mama alinifinya lakini sikusikia.

"Kelele za nini?" akasema Bibi. "Mimi nimeitwa nije nikae. Fungua mlango."

Baba akaibandua nailoni. Bibi akaingia, akajibinyabinya kitini. "Laini," akasema. "Na wewe mwenye hasira, zunguka huko uingie." Nikaingia. Nilikuwa nimekaa kwenye siti nyekundu hatimaye, na haikuwa inakwenda popote. Baba alibaki nyuma ya usukani, nadhani kwa kukosa pa kuuweka uso wake.

"Haya, dereva. Twende," akasema Bibi.

"Mama, injini imekufa."

"Nimekuuliza habari za injini? Nimesema twende. Nipeleke nyumbani."

Baba akacheka kidogo, cheko la aibu. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili. "Haya. Tunatoka getini. Tunashika njia ya kaskazini… Tumepita Polokwane."

"Polepole," akasema Bibi.

"Musina. Sasa huu ndio mto Limpopo."

"Hapo foleni yake usiombe. Hapo ndipo walipokula machungwa yangu."

Baba akangoja kwenye foleni. Wallahi, aliingoja. Kisha akaendelea, Harare, Chirundu, Lusaka, na Bibi akawa anamsahihisha: hapa pana mashimo, hapa msitu mtupu, hata choo hakuna. Mimi nilikuwa nimekunja mikono. "Lakini hatuendi popote!" nikasema.

Tulipofika Tunduma, pale unapoingia Tanzania, Baba akakanyaga breki. Mikono ilikuwa kwenye usukani lakini haisogei.

"Vuka," akasema Bibi.

"Mama…"

"Nimesema vuka."

Akavuka. Mbeya, Iringa, Morogoro, Chalinze, na sauti yake inazidi kupungua. Pale Muheza, Bibi alimsimamisha wanunue machungwa. Walipoingia Tanga mjini Baba akasema wakate kulia kwenye duka la mkaa, na Bibi akasema duka la mkaa halipo siku nyingi, siku hizi pale wanauza simu, na akate kushoto, kwani nyumba yao ameisahau? "Hapo. Simama hapo. Zima gari." Baba akageuza ule ufunguo usiozima kitu. Bibi akajivuta mbele, akamwekea mkono kisogoni. "Umefika, baba," akamwambia mwanawe. "Karibu nyumbani."

Baba akaangusha kichwa kwenye usukani, mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi nikafungua mlango, nikaubamiza, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Niliona nimezaliwa na wendawazimu.

Ukweli niliupata nikiwa sekondari, Mama anamenya viazi, tena aliutoa kama habari ya bei ya vitunguu. Baba aliingia nchi hii kwa njia ambazo watu hawaziulizi. Kibali alichokuja kupata kilimruhusu kukaa, hakikumruhusu kutoka na kurudi. Angevuka Limpopo kwenda kwa mama yake, sisi asingetuona tena. Na hilo aliona haya kumwambia Bibi. Bibi akadhani mwanawe amemtupa, basi kila Ijumaa anamlilia kwenye simu aje, na Baba anamwambia njoo wewe, Mama, nimekununulia gari. Hakulinunua ili kumheshimu kwa siti ya nyuma, au si hilo tu. Alitafuta kitu kikubwa kiasi cha kumvuta mzazi kutoka Tanga, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefungwa. Mwishowe Mama ndiye aliyempigia Bibi kwa siri na kumweleza yote. Bibi akafunga kapu lake la machungwa akapanda basi.

Bado nimekasirika, na sioni haya. Bibi nilishamsamehe, maskini, hakuwa na kosa. Kinachonikera ni ule ukimya wao. Waliniacha namchukia mwanamke aliyekuwa analia kwa simu, wakati neno moja tu lingetosha. Hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa maana ya kukatazwa kwenda kwa mama yake. Ningeelewa! Ningelisugua bampa lile mwaka mzima bila kununa.

Bibi, aliyekuwa amesharudi Tanga, alifariki huko mwaka uliofuata baada ya Mama kuniambia. Simu ilikuja asubuhi, na walikuwa wanamzika alasiri ileile, kama ilivyo desturi. Baba alishuka uani, akalivua Impala turubai, akafungua mlango wa nyuma, akakaa pale alipokaa mama yake. Mama alinitazama mimi, akatazama dirishani. Nikashuka.

Nilikaa kwenye usukani. Sikuwahi kuendesha gari lolote, na njia yenyewe nilikuwa nimeisikia mara moja tu, tena nimenuna. Nikashika usukani kwa mikono miwili. "Baba," nikasema, "tumeshatoka getini." Nilimsikia akipumua nyuma yangu. Nikataja Polokwane, nikataja Musina, nikangoja foleni. Nilikosea kidogo baada ya Lusaka, akanisahihisha kwa sauti ya chini.

Tulipofika Tunduma sikungoja kuambiwa. Nilivuka.