Aliyepanda Ndiye Husalimu

Maka alijifunza kuendesha baiskeli akiwa tayari ni nyanya wa watu, mwenye magoti yanayolia kila akiinuka kwenye sala. Wengine pale Garissa walicheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Waliocheka hawakujua alichokuwa akikitafuta, na wachache waliojua hawakucheka.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mumewe, Gelle: chuma kizito cheusi chenye keria pana ya kubebea mikungu ya ndizi. Kwa miaka mingi Gelle alikuwa akisali alfajiri, kisha anashuka nayo hadi shambani kwao kando ya mto Tana. Hakupitia lami, ambako malori ya mifugo na tuk-tuk hugombania nafasi. Alikuwa na njia yake ya changarawe, inayokatiza katikati ya mashamba ya ndizi, malimau na matikiti. Tangu mafuriko yabomoe kalvati ya njia hiyo, gari haliwezi kupita huko hata dereva awe na wazimu. Ni miguu, punda na baiskeli tu. Gelle alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo barabara pekee ya Garissa ambako mtu husikia pumzi yake mwenyewe.

Halafu macho yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, imekwisha kula nuru, na nuru hiyo hairudi. Gelle hakumwambia mtu yeyote nje ya nyumba. Aliendelea kuendesha kwa mazoea, akifuata mlio wa changarawe chini ya magurudumu, na watu aliokutana nao aliwapita kimya kwa sababu hakuwaona.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa huku hufundishwa tangu utotoni kwamba aliyepanda humsalimu anayetembea, na anayetembea humsalimu aliyeketi. Ukimpita mtu kimya ukiwa juu ya baiskeli, umemwambia kwamba yeye na kichaka cha mathenge ni mamoja. Salat, jirani yao wa shamba na rafiki wa Gelle tangu walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja, alipitwa hivyo si mara moja. "Gelle siku hizi ni mtu mkubwa," akasema nje ya msikiti. "Salamu zetu zimemshinda kubeba." Akaacha kuja kwao kunywa chai.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Yalipomfikia Gelle, angeweza kuyamaliza kwa neno moja tu: sioni. Lakini mzee huyu ana kiburi cha ngamia dume. Aliona heri aitwe mwenye majivuno kuliko kuitwa kipofu. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaiapisha nyumba nzima iseme ni mgongo unaomsumbua, akaketi sebuleni. Hata msikitini akaacha kwenda, maana hakutaka kuonekana akishikwa mkono. Alikula kidogo na kuongea kidogo zaidi. Maka alimwona akififia siku baada ya siku, akaingiwa na hofu. Alimpenda mtu huyu, tuseme wazi, na alijua kwamba akiachwa pale sebuleni atamfia huku bado anapumua.

Akapiga moyo konde. Hataki kushikwa mkono? Basi atabebwa.

Aliyemfunza ni Kanchora, kibarua wao wa shambani. Kanchora ni Mborana wa kutoka upande wa Wajir na Maka ni Msomali, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

"Mama, angalia mbele, si chini!"

"Mimi nikiangalia mbele, chini ataangalia nani?"

Akatumbukia kwenye mfereji wa maji na buibui lake lote. Miiba ya mathenge ikamchoma yeye na matairi bila ubaguzi. "Wewe usicheke mimi," alimwambia Kanchora akijikamua maji. "Mimi nataka kubeleka mzee yangu shamba." Kanchora akaacha kucheka. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maka yeye alishayaoga na nguo zake mwilini, arudi nyuma kwa lipi?

Asubuhi moja alifunga blanketi kuukuu kwenye keria, akapiga kengele nje ya dirisha la sebule.

"Nani anachezea baiskeli yangu?" Gelle aliuliza kutoka ndani.

"Mimi. Toka, twende shamba."

"Maka, mwanamume wa umri wangu abebwe na mkewe kama gunia la ndizi?"

"Gunia halina maneno mengi hivyo. Toka kabla jua halijawa kali."

Gelle akauliza, kwa sauti ya chini, kama kwa malimau maua yameshatoka. Hapo Maka akajua kwamba amemshinda.

Walipouacha mji nyuma na changarawe ikaanza kulia chini ya magurudumu, mikono ya Gelle iliyokuwa imeng'ang'ania kiuno cha mkewe ililegea. "Hapa ni kwa malimau," alisema. Kisha, "Mashine ya maji ya nani hiyo inayokohoa?" Harufu ya udongo uliomwagiliwa ikamjia, akavuta pumzi ndefu hadi Maka akaihisi mgongoni. Maka alitamani kulia, ila machozi na baiskeli haviendi pamoja.

Shida ilikuwa moja.

"Tumempita mtu?" Gelle aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbona hukumsalimu?"

"Nikifungua mdomo tutaanguka!"

"Sasa nani atamsalimu?"

"Wewe huko nyuma una kazi gani?"

Wakampita mwingine, na yeye pia wakampita kimya.

Mbele yao lilikuwa tuta la kuzuia mafuriko, kilima pekee kwenye njia ile yote. Maka alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, pumzi zikamwishia katikati ya mwinuko, akatia mguu chini.

"Mbona tumesimama?"

"Kilima kimenishinda. Na Salat amesimama pale juu na jembe lake."

Salat alikuwa kwa miguu, wao wamepanda; haki ya kusalimiwa ilikuwa yake, na safari hii alikusudia kuingoja. Maka angeweza kusalimu, kwa kuwa mguu wake sasa ulikuwa chini. Akauma ulimi. Salamu iliyongojwa haikuwa yake.

Gelle alishika keria kwa mikono miwili.

"Assalamu aleikum, Salat," alisema, lakini uso aliuelekeza kando, kwenye migomba. "Siku zile nilizokupita, sikukuona. Na leo pia sikuoni, walaal, ndugu yangu. Macho yangu yamekwisha."

Salat aliutazama uso ule uliokuwa ukimtafuta mahali asipokuwapo. Jembe likamponyoka.

"Waaleikum salaam," akasema. "Gelle, mjinga wewe! Nimekununia mwaka mzima! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu? Kwangu mimi?"

Gelle akataka kushuka, Salat akamkataza. Akashika keria kwa nyuma na kusukuma, Maka akiongoza usukani, na mpaka wanafika juu ya tuta Salat alikuwa akimtukana rafiki yake na kujifuta machozi kwa bega.

Wakati wa kurudi, baada ya chai ya maziwa ya ngamia kwa Salat, Gelle aliianza kazi yake ya huko nyuma. Kila alipozisikia nyayo kwenye changarawe alitoa salamu kubwa, akauliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, na majibu yakawafuata hadi yakapotelea migombani. Walipokaribia kwa malimau alisalimu, asijibiwe. Akasalimu tena.

"Mzee wangu," Maka alisema, "huyo ni punda."

"Sawa. Afadhali niwasalimu punda wote wa Garissa kuliko kumpita mtu mmoja kimya."

Maka alicheka mpaka usukani ukayumba, lakini hawakuanguka.