Koti Langu na Jumamosi ya Fundi

Habari hii imekwisha kusimuliwa vibaya kanisani kwetu Kabiro, Kawangware. Wengine husema nilivaa suruali kuukuu kwa ubahili, wengine kwamba fundi alinihadaa. Yote mawili si kweli. Nilikuwepo, na suruali ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na Jumapili hiyo ndiyo ningewekewa mikono mbele ya washirika wote. Mtu aliyeitumikia serikali hadi kustaafu hapigi magoti mbele za watu katika koti lililopauka mabegani. Nilipeleka kitambaa kwa fundi mmoja wa Laini Saba, Kibera, kando ya reli, aliyesifiwa kwamba mabega ya makoti yake hayalegei. Tukapatana nirudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ya wakati gani, nami sikuuliza. Nilichukua Ijumaa kuwa siku nzima, kama inavyochukuliwa popote penye utaratibu.

Nilipofika, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati. Koti langu lilikuwa mezani bila mikono, suruali bila pindo, na fundi alikuwa anaifunika cherehani kwa shuka.

"Mzee, nimekungoja tangu asubuhi uje tupime," alisema. "Sasa nimefunga."

"Umefunga nini? Wewe upo, mimi nipo, cherehani ipo."

"Sabato inaingia. Kesho jua likizama nitakushonea."

"Keshokutwa ndiyo ninawekewa mikono!"

Mama aliyeuza dagaa wa omena mlango wa pili akaangua kicheko. "Woi! Anaenda kuwekewa mikono na koti halina mikono! Mzee, wachana na huyo. Hata ukileta chifu, hafungui."

Sikucheka. Kutoka Kawangware hadi Kibera nimeona vibanda vingi vyenye majina ya mbinguni mlangoni na mizani ya kuzimu ndani, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba dini ya kuonyeshana hufika mpaka pale faida inapoanzia. Fundi huyu alikuwa anafunga siku ambayo Laini Saba yote inanunua. Ama alikuwa mwongo, ama alikuwa na jambo nisilolijua. Usiku ule hasira ilinipungua, lakini hamu ya kujua haikupungua.

Basi Jumamosi mchana nilirudi, nikiwa na hakika kwamba ningemkuta akimshonea mteja mwingine nyuma ya pazia. Kufuli ilikuwa mlangoni.

"Umekuja kumchunguza?" mama wa omena aliniuliza. "Yuko kanisani, hapo nyuma. Fuata nyimbo."

Nilizifuata. Lilikuwa kanisa la mabati, na ibada ya asubuhi ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyekuwa ameondoka. Akina mama walikuwa wanafungua hotipoti juu ya mabenchi. Fundi aliponiona alikuja mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee! Karibu. Koti bado, lakini chakula kiko."

Nikapewa sahani ya githeri na kipande cha chapati. Niliuliza ni nani aliyepika saa hizo, nikaambiwa kila kitu kilipikwa jana, kabla jua halijazama. Viatu navyo vilipigwa rangi jana, na maji ya leo yakatekwa jana. Ndipo nilipoelewa kwa nini fundi alikuwa ameningoja asubuhi: kwa watu hawa Ijumaa ni siku ya mbio, ili kesho yake asiwepo anayekimbia. Niliendelea kuuliza kama mkaguzi. Simu je? Imezimwa. Mteja akihama? Wengine wamehama.

"Na huogopi?"

"Naogopa, mzee. Nina watoto. Lakini nikifungua leo kwa sababu ya koti lako, wiki ijayo nitafungua kwa sababu ya la nani?"

Nikaomba chapati nyingine.

Jioni waliimba kuiaga siku, bila haraka yoyote, huku mimi nikiitazama saa yangu kila mara. Kisha fundi akafungua kibanda, akaondoa shuka, akaanza kukanyaga cherehani kwa kasi ambayo sijaiona tena. Mkono wa kwanza ukaingia. Stima ikapotea. Mkono wa pili aliushona mimi nikimmulikia kwa simu yangu, na simu ikaishiwa chaji uzi wa mwisho ukikatwa. Nikalivaa koti gizani. Mabega yalikaa kama yalivyosifiwa.

"Suruali siwezi, uzi mweusi kwa kitambaa cheusi," alisema. "Njoo kesho asubuhi kabla ya kanisa. Nitawahi kufungua."

"Kesho ni Jumapili."

"Ni yako hiyo, mzee. Mimi kesho niko kazini."

Alisema kwa nia njema kabisa. Mimi ndiye niliyesimama pale nikijisikiliza. Suruali ile niliitaka sana. Lakini nilikuwa nimeshinda nikila chakula cha watu waliojipanga siku moja kabla ili siku yao ibaki nzima, na yangu ilikuwa inaanza asubuhi ileile ambayo ningekuja huku kukimbizana na pindo.

"Nitaichukua Jumatatu," nikasema.

Hivyo ndivyo nilivyopiga magoti nikiwa na koti jipya jeusi na suruali ya kijivu iliyong'aa magotini. Mzee mwenzangu aliniinamia, akanong'ona, "Ndugu, nusu yako nyingine iko wapi?"

"Laini Saba," nikamjibu. "Inangoja Jumatatu."

Jumatatu niliikuta imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Fundi alinitazama kwa udadisi nilioutambua, kwa kuwa ulikuwa wangu siku mbili zilizopita.

"Mzee, na nyinyi jana baada ya ibada mlikula nini?"

Nilifungua kinywa, kisha nikakumbuka. Baada ya ibada tulipeana mikono mlangoni pa kanisa, na kila mtu akaenda kula kwake.

"Jumapili ijayo njoo uone mwenyewe," nikamwambia.

Akakubali papo hapo. Nami njia nzima ya kurudi Kabiro nilikuwa nawaza nitapika nini Jumamosi.