Mama Kosha na Pua ya Kuazima

Jua bado limejificha nyuma ya milima ya Uluguru, halina haraka na mtu, lakini Mwanaidi Mloka tayari yumo uani kwake Mazimbu, amepiga magoti mbele ya beseni, anaosha nyama.

Haioshi kama watu wanavyoosha nyama. Anaiosha kama mtoto aliyerudi kutoka kucheza matopeni: anaigeuza, anaibinya, anaikemea. Anamwaga maji, anachota mengine, anaanza upya. Ni kidari cha ng'ombe, kimelala kwenye ndoo ya maji ya chumvi tangu Jumapili, na leo Ijumaa chumvi hiyo lazima itoke.

"Toka, toka," anaiambia chumvi. "Ulialikwa kulala, hukualikwa kuhamia."

Mtaani wanamwita Mama Kosha. Wageni hudhani ni kwa sababu ya usafi. Naye huwaacha wadhani hivyo hivyo. Sifa ya bure hairudishwi.

Jumatatu mpaka Alhamisi, Mwanaidi, mwenye umri wa miaka sitini na mbili, ni mama lishe kama mama lishe wengine: wali, maharage, mchicha, dagaa. Ijumaa ndipo anapoachana na wenzake. Alasiri ya siku hiyo, kibandani pake karibu na lango la chuo, hupati kitu kingine ila mkate wa ngano na ulezi wenye mbegu za kisibiti, umejazwa vipande vyembamba vya nyama iliyolowekwa, ikapakwa viungo, ikakaa kwenye moshi wa kuni za mpera, halafu ikaivishwa kwa mvuke. Juu yake haradali ya kutwangwa. Pembeni tango lililochachushwa.

Jina lake ni pastrami. Wanafunzi walishindwa kulibeba, wakaliita paja la Rami.

"Si paja, ni kidari," anasema Mwanaidi. "Na huyo Rami simjui. Ila mtu akilipa elfu tatu mia tano yake, hata akiita sikio la Rami, mimi nakata."

Wapo wanaoogopa wekundu wake. Mwanafunzi mmoja, Furaha, anasimulia kwamba mara ya kwanza alifunua mkate akauliza kwa kunong'ona kama hiyo si kitimoto, yaani nguruwe.

"Mama akanijibu, 'Mwanangu, kitimoto ni kiti cha moto. Wewe kaa hapo kwenye ndoo, kiti baridi, ule ng'ombe wako.' Tangu siku hiyo Ijumaa sipiki."

Chakula hiki kimetoka mbali. Miaka ya themanini Mazimbu ilikuwa makazi na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa wakipigania uhuru wa kwao. Mwanaidi, binti wa miaka kumi na tisa aliyeteremka kutoka Kinole na cheti chake cha darasa la saba, alipata kazi jikoni. Huko ndiko alikomkuta Mwalimu Soli.

Mwalimu Soli alifundisha hesabu. Alikuwa Myahudi wa Johannesburg, mrefu, mwenye kipara kinachong'aa, aliyewakimbia Makaburu sawa na wenzake weusi. Baba yake Mwanaidi aliposikia kwamba binti yake anashinda jiko moja na mwanamume wa Kizungu, alishuka mlimani na bakora. Akakaribishwa chai. Akauliza swali moja tu: bwana huyu anakula nguruwe? Akajibiwa hali, kwao ni mwiko kama kwetu. Basi ile bakora ikageuka kuwa mkongojo, na mzee akapanda nayo kurudi nyumbani.

Jioni mwalimu alikuwa na desturi ya kuja kuegemea mlango wa jiko na kuvuta pumzi ndefu. Alikuwa na hamu ya deli.

"Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza," anakumbuka Mwanaidi. "Akaniambia, 'Mwanaidi, mimi nakumbuka deli ya baba.' Sasa mimi deli ninalolijua ni lile boksi la kutembezea barafu. Roho ikaniuma. Nikasema masikini, kumbe wapo Wazungu ambao baba zao waliuza barafu kwa miguu!"

Kesho yake akaazima deli kwa jirani, akatia barafu mbili za ukwaju, akampelekea. Mwalimu akalitazama deli, akamtazama binti, akala barafu zote mbili.

Ilibidi mwalimu mwingine atafsiri. Deli ya baba yake ilikuwa duka. Duka la nyama za kulowekwa na kutiwa moshi, mapipa ya matango, mikate myeusi, samaki wa chumvi, na wateja waliogombana na mwenye duka juu ya unene wa kipande, kisha wakarudi kesho yake kugombana tena.

"Akilieleza duka lile alikuwa anafumba macho," anasema. "Na sisi tuliokuwa tunakata vitunguu tunafumba macho pia, njaa ituume vizuri."

Siku moja kikapatikana kidari kizuri, kimechinjwa kihalali, na mwalimu akaamua kuacha kusimulia, apike. Alikwenda mjini, dukani kwa mzee Dhirajlal, akarudi na giligilani, pilipili manga na haradali. Akailoweka nyama siku zake. Ilipofika siku ya kuitoa, alimwita Mwanaidi, akaionyesha kwa kidole na kutamka kama mama yake alivyokuwa akitamka: nyama ya kwetu lazima iwe *kosher*.

"Mimi nikasikia kosha," anasema Mwanaidi. "Nikajibu, ndiyo, mwalimu."

Akakosha. Mwalimu alipotoka darasani alimkuta kwenye maji ya nne, jasho linamtiririka.

"Unafanya nini?"

"Nakosha, mwalimu. Si umesema?"

Mwalimu Soli alikaa juu ya gunia la viazi, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Alipopata pumzi akaeleza: kwao neno lile ni chakula kilichoruhusiwa na dini. Nguruwe hapana, damu hapana. Kwa Mwanaidi neno lile lilibaki kuwa ndoo nyingine ya maji.

Lakini ile nyama ilipoiva, ilikuwa imekolea bila kuchoma ulimi. Mwalimu alitafuna, akameza. Kisha akasema baba yake aligombana na wateja maisha yake yote juu ya chumvi, kumbe dawa ilikuwa Kinole. Kuanzia hapo akamwita Mama Kosha. Binti hana mume, hana mtoto, tayari ni mama.

Ikawa ndiyo Ijumaa yao. Kipande cha kwanza, kile cha pembeni kilichobeba viungo vyote na weusi wa moshi, hakikwenda kwa mkuu wa shule wala kwa mgeni. Kilikwenda kwa aliyekosha.

"Kinakuja cha moto, mafuta yanadondoka, pilipili manga inapasuka kwenye jino," anasema, na hapo kwa mara ya kwanza mikono yake inasahau beseni. "Nimekula pilau za harusi, nimekula nyama za Idi. Kipande kile sijakipata tena."

Miaka ya tisini ilipoingia, mlango wa kwao ulifunguka, wakimbizi wakafungasha. Mwalimu Soli alimwachia Mwanaidi kisu chembamba kirefu, ambacho bado anakitumia, na ahadi kwamba atarudi kula.

Mwanaidi akangoja. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, bado anangoja. Kila walipokuja wageni kutoka Afrika Kusini kuzuru makaburi ya wenzao pale Mazimbu, alijifunga khanga akaenda kuuliza. Mwaka mmoja mama mmoja akamwambia kwamba mwalimu amefariki. Alifundisha hesabu mpaka mwisho. Duka hakufungua.

"Nikamuuliza, Ijumaa alikuwa anakula nini? Hakujua," anasema Mwanaidi, na hasira haijapoa. "Mnamzikaje mtu hamjui alikuwa anakula nini?"

Wiki ile ile alinunua kidari, akajaribu. Wiki iliyofuata akajaribu tena. Alipoikaribia ladha ile, akaanza kuuza. Halafu ukaja mwaka ule wa barakoa, akaugua mafua makali, akapona yeye bila pua yake.

"Ukiniletea karafuu, ukiniletea maji, mimi yote sawa," anasema. "Chumvi naijua. Pilipili naijua kwa kuwasha. Utamu wenyewe umehama, haukuaga."

Kwa hiyo kila Ijumaa anapika kitu anachokitamani kuliko vyote duniani, na hawezi kujua kama amekipata. Wateja hawamsaidii. Wanafunzi wana njaa. Kwao kila kitu kitamu.

Ndiyo sababu ameazima pua.

Mchana, nyama ikiwa imeiva, anakata kipande cha pembeni, anakifunga kwenye kitambaa cheupe na kupanda bodaboda hadi mjini, kwenye duka lile lile la viungo. Siku hizi liko mikononi mwa Damyanti, mkwe wa marehemu Dhirajlal, ambaye miaka ile alikuwa bibi harusi mgeni nyuma ya kaunta, akimtazama Mzungu mwenye kipara akitwanga giligilani na kuomba apunguziwe bei. Harufu ile anaijua, maana nyama ilipoiva mwalimu aliileta mpaka mlangoni, wenye duka wainuse. Tatizo ni kwamba Damyanti ni Mhindu wa mboga na dengu. Nyama hajaila maishani, na dukani kwake haivuki kizingiti.

"Shikamoo, Mama Sheetal."

"Marahaba. Simama hapo hapo, Mwanaidi. Mguu huo, rudisha."

"Nimerudisha. Haya, vuta."

Mwanaidi anafungua kitambaa. Damyanti, miaka yake sabini na moja, anashika mlango kwa mkono mmoja, anainama mbele, anafumba macho. Hukumu zake ni mbili tu: Soli yupo, au Soli hayupo. Akisema hayupo, Mwanaidi anauza kwa moyo mzito, na shilingi mia tano anapunguza.

Leo inatoka hukumu mpya. "Yupo mlangoni. Hajaingia."

"Kakwama wapi tena?"

"Giligilani. Umetwanga mbichi."

"Nilikaanga!"

"Ulikaanga au uliionyesha moto?"

Mwanaidi anaangua kicheko. "Niliionyesha."

Kicheko hakidumu, maana nyuma ya Damyanti rafu ziko tupu. Mizani imekwisha kufungwa kamba. Mwisho wa mwezi anahamia Dar es Salaam kwa binti yake, Sheetal, ambaye hataki tena mama yake alale peke yake juu ya duka. Wawili hawa wamekuwa wakilizunguka jambo hilo kwa wiki kadhaa, kama watu wanaozunguka dimbwi.

"Duka litanunuliwa, viungo nitapata sokoni," anasema Mwanaidi taratibu. "Pua nitapata wapi? Aliyeinusa ile ya mwanzo umebaki wewe."

Damyanti anakwenda ndani, anafungua boksi lililokwisha kufungwa, anatoa kikaango. Anawasha jiko la gesi juu ya kaunta, anamwaga konzi ya giligilani, anaitikisa mpaka inaanza kuruka na kulia. Barabarani mtu mmoja anapunguza mwendo, anageuza shingo. Damyanti anaitwanga ingali moto na kuinyoosha nje ya kizingiti kwenye kipande cha karatasi. Mwanaidi anainyunyiza juu ya nyama, anaiinua.

Damyanti anainama, anavuta.

"Mama Sheetal? Vipi, yupo?"

Damyanti anapangusa macho kwa upindo wa sari. "Hiyo giligilani inawasha macho," anasema. Halafu: "Yupo. Kaegemea kaunta. Anataka punguzo."

Mwanaidi anakitia kile kipande mdomoni. Kwake kina chumvi kidogo na muwasho, basi. Lakini anatafuna polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza muziki wa nyumba ya pili.

Wakati anakikunja kile kitambaa chenye mafuta na weusi wa moshi, anasita ghafla. Mpango ameupata.

"Ijumaa nitampa mtu wa treni," anasema. "Treni hii ya umeme haichelewi. Jioni unacho Dar, unanusa, unanipigia simu."

"Kwa Sheetal nyama haiingii!"

"Nani kasema nyama? Nakutumia kitambaa. Wewe niambie yupo au hayupo, Ijumaa inayofuata nitajua pa kurekebisha."

Damyanti anakitazama kile kitambaa, mkono mmoja kwenye mlango.

"Mwanaidi."

"Abee, dada."

"Nyama kosha. Kitambaa usikoshe."